Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Kisumu na magharibi: tuandikieni kwa Kiswahili mmetutoa nini

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu, wenzako wa Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia na Homa Bay, na nyinyi madaktari wakuu mnaosimamia hospitali zetu, hamjambo.

Sitazunguka sana. Naomba kitu kimoja. Mtu yeyote anayepasuliwa kwa hospitali ya serikali huku kwetu apewe ukurasa mmoja wa Kiswahili, kabla hajaweka sahihi na tena siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, unaosema anaugua nini, mtamkata wapi, mtatoa nini na nini kitabaki ndani, na akifika nyumbani akiona dalili gani arudi mbio. Kama anasikia Dholuo ama Kiluhya vizuri zaidi basi aelezwe kwa hiyo, hakuna shida, lakini karatasi yenyewe iwe ya Kiswahili juu ndiyo Mluo, Mluhya, Mkisii, Mnandi na hata Mnubi wa Kibos wote wanaweza kuishika wakasoma, ama wakasomewa na mtu wanayemwamini.

Mimi si daktari. Nina kibanda cha fotokopi na saiba, si mbali na geti la hospitali moja ambayo sitaitaja, na sioni haja ya kuitaja manake wateja wanaotoka hospitali zingine wananiletea karatasi zile zile. Tangu bima ya afya ya serikali ya NHIF iende na SHA ianze Oktoba 2024 foleni kwangu imekuwa ndefu, watu wanakuja kujisajili, kutoa kopi ya kitambulisho, kuskani barua. Sasa mtu akishamaliza kutoa kopi haondoki, anabaki ameishika ile karatasi ya disichaji, ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, anaangalia nyuma kama kuna mtu, halafu anasema pole pole, "Kijana, hebu nisomee hapa wameandika nini." Mtu amelala wodini wiki nzima, amepasuliwa, ameshonwa, amelipa, halafu anakuja kuuliza mtu wa fotokopi alifanyiwa nini! Na hapo mimi najua magonjwa ya watu wengi wa mtaa huu kuliko inavyofaa, na sijaapa kiapo chochote cha kutunza siri ya mgonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema habari za afya ya mtu ni nyeti, lakini siri gani itabaki kama mwenyewe lazima azitembeze akitafuta wa kumsomea.

Wacha niwaonyeshe kitu kidogo kabisa, wala si jina la ugonjwa. Pale chini ya karatasi huwa mnaandika TCA 2/52. Nyinyi mnajua hiyo ni "rudi baada ya wiki mbili", 52 ni wiki za mwaka, na mkiandika 2/12 ni miezi miwili, 2/7 ni siku mbili. Haya, mpe hiyo mama wa kuuza omena Dunga. Akiona 1/12 yeye anasoma tarehe moja mwezi wa Desemba, na ni nani atamlaumu, si hivyo ndivyo tarehe inaandikwa kila mahali? Kwa hivyo kama ametoka hospitali Juni anakaa na nyuzi zake na kidonda chake akingoja Desemba, halafu akirudi amechelewa anafokewa na sista ati wagonjwa wa siku hizi hawafuati maagizo. 2/52 ndiyo mbaya zaidi juu haiwi tarehe yoyote, mtu anaiacha tu. Kuandika "rudi baada ya wiki mbili" ni maneno matano, mkono hautachoka.

Na hizi vifupi vyenu vingine hata haviko na maana moja. PID, kwa mfano. Kwa karatasi ya mama ni maambukizi kwenye kizazi na mirija. Kwa karatasi ya mzee anayeumwa mgongo inaweza kuwa ile diski ya katikati ya mifupa ya uti wa mgongo imesukumwa nje ya mahali pake. Sasa mzee anaandika herufi tatu kwa Google na simu ya kijana wake na anachopata ni habari za magonjwa ya zinaa. Hapo nyumbani hakulaliki, na yeye alikuwa amebeba gunia tu.

Turudi kwa operesheni zenyewe, juu hapa ndipo sahihi inawekwa. Nimekuja kujua kwamba yale majina marefu yanayotisha yana mpangilio, yametoka Kigiriki na Kilatini na mkia wa neno ndio unasema kisu kitafanya nini. Ikiisha na ektomi kuna kitu kinaondolewa. Ikiisha na otomi wanapasua waingie, kama laparotomi ambayo ni kufungua tumbo kuangalia ndani. Ikiisha na ostomi wanatoboa njia na kuiacha wazi, kama kolostomi, ambayo utumbo mpana unatolewa kwa ngozi ya tumbo ili choo kipitie hapo kwenye mfuko. Ni utaratibu mzuri kwa daktari, na sitaki mwache kuutumia, daktari wa Busia akimwandikia daktari wa Eldoret lazima waelewane bila kupigiana simu. Lakini tofauti ya otomi na ostomi ni herufi moja, na kwa mgonjwa hiyo herufi ni tofauti ya kuamka na mshono na kuamka na mfuko wa choo ubavuni. Mtu anastahili kujua hiyo kabla ya sindano ya usingizi, si baada.

Chukua fibroidi, zile uvimbe za kwenye kizazi ambazo akina mama wengi wanazo. Kuna miomektomi, wanatoa uvimbe na kizazi kinabaki. Kuna histerektomi, wanatoa kizazi chenyewe, na ikiwa ni kupitia tumbo na kizazi chote kinatoka utaona kwa fomu wameandika TAH tu. Kwa mama ambaye hajui Kizungu cha hospitali hizi zote ni "mi" mwishoni, zinasikika dada na dada. Anaambiwa "mama tutatoa uvimbe, weka sahihi hapa", anaweka, na pengine ni kweli daktari alipanga kutoa uvimbe tu lakini fomu inaruhusu yote mawili kama damu itakataa kusimama, na hilo ni jambo la kawaida la kuokoa maisha, hakuna mtu analipinga. Kitu ninapinga ni mama wa miaka thelathini kukaa miaka miwili akinywa dawa za miti akitafuta mimba kwa sababu hakuna aliyemwambia wazi kwamba kizazi hakipo. Msidhani natunga. Na kufunga mirija, ile mnaandika BTL, nayo watu wanachanganya na kutoa kizazi, wengine wanadhani ni kama sindano ya kupanga uzazi inayoisha nguvu na baadaye unafunguliwa. Mwaka 2014 kuna akina mama wanaoishi na virusi vya ukimwi walipeleka kesi Mahakama Kuu wakisema walifungwa mirija bila kukubali kwa kuelewa, kesi ikaburutwa miaka mingi, na mahakama ikakubali haki za baadhi yao zilivunjwa. Hiyo kesi ingetosha kuwashtua.

Halafu kuna hili neno "tumbo". Tusidanganyane, sisi wenyewe kwa Kiswahili chetu cha mtaani tumelitwika mzigo mkubwa. Aliyezaa kwa upasuaji amepasuliwa tumbo, aliyetolewa kidole tumbo amepasuliwa tumbo, utumbo ukijisokota ni tumbo, hata mwenye mawe kwa mfuko wa nyongo ni tumbo. Kwa hivyo ukimweleza mtu kwa mdomo tu, haraka haraka mkiwa kwa korido, anachobeba kwenda nyumbani ni "nilipasuliwa tumbo" na miaka mitano baadaye akifika hospitali nyingine akiulizwa ulitolewa nini anajibu tumbo.

Na kuna watu hii inaweza kuwaua. Mtu wa bodaboda ameanguka Kondele, handlebar imemgonga ubavu wa kushoto, wengu umepasuka, wengine wanauita bandama, anapelekwa thieta usiku, unatolewa, anapona. Kazi safi kabisa, na madaktari wetu kwa hizo kazi za usiku nawavulia kofia. Lakini mtu asiye na wengu hawezi kupigana na vijidudu fulani vya damu kama mimi na wewe, homa inayoanza asubuhi inaweza kumlaza kabisa kabla ya siku kuisha, na anafaa achanjwe dhidi ya nimokoka, vijidudu vinavyoleta nimonia, na vile vya homa ya uti wa mgongo. Tena huyu anaishi hapa karibu na ziwa ambako malaria haina likizo. Huyu ndiye mtu anafaa kuwa na karatasi mfukoni imeandikwa kwa herufi kubwa SINA WENGU, HOMA YOYOTE NIPELEKWE HOSPITALI SASA HIVI. Badala yake ana karatasi imeandikwa "ex-lap + splenectomy", yaani tumbo lilifunguliwa na wengu ukatolewa, na yeye akipata homa anakunywa Panadol anarudi stejini.

Nisikilizeni pia kuhusu nani anatafsiri. Daktari kijana ametoka shule ya udaktari, ametumwa huku, hajui Dholuo, Kiswahili chake ni cha shule, anaona aibu kutamka mambo ya sehemu za siri kwa mama wa umri wa mamake, kwa hivyo anaangalia kushoto na kulia anaita anayepita. Anayepita ni mtu wa kufagia. Ama mgonjwa wa kitanda cha pili. Ama mtoto. Kuna mama alikuja kwangu na kijana wake wa darasa la nane hivi, kijana ameshika karatasi iliyoandikwa CA cervix, na kamusi yake ya shule imemwambia hiyo ni shingo, mama ananiuliza kama kansa ya shingo inaweza kuwa inatoka kwa mizigo anayobeba kichwani, na mkono wake uko hapa, nyuma ya kichwa. Kijana alikuwa amejitahidi. Kisayansi hata hakukosea sana, ni shingo kweli, ila ni shingo ya kizazi, na hakuna mtoto wa kiume anayefaa kupewa kazi ya kumweleza mamake hivyo, mbele ya watu, kwa kibanda cha fotokopi.

Linganisheni na koti. Ukishtakiwa kwa kuiba kuku na huelewi lugha inayotumika kotini, Katiba kifungu cha 50 inakupa mkalimani na hulipi hata senti. Mwizi wa kuku! Sasa mwenye kukatwa mguu kwa sababu ya sukari, ile mnaandika BKA, yaani chini ya goti, ama AKA, juu ya goti, herufi moja tena na goti limekwenda, huyo mkalimani wake ni mtu wa kufagia.

Na msiniambie hakuna sheria. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inasema mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yaliyopo, faida, hatari, gharama na haki yake ya kukataa, na aelezwe, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa njia inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Kifungu cha 9 ndicho cha idhini. Katiba kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kizungu, kwa hivyo fomu ya Kiswahili si kama mnatufanyia hisani. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi 2013, wodi ni zenu na thieta ni zenu. Fomu za wodini nazo sioni zinawashinda vipi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tunajua mnaweza. Nendeni Kisian pale KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa afya. Mtu akitaka kutoa damu ya mtoto wako kijiko kimoja kwa utafiti wa malaria, anakaa na wewe chini, ana fomu ya Dholuo, ana ya Kiswahili, ana ya Kizungu, unachagua, anakusomea, kama hujui kusoma analetwa shahidi, unaweka kidole, anakuuliza umeelewa nini, halafu unaenda nyumbani na kopi yako. Kijiko kimoja cha damu. Ng'ambo ya pili mjini tunatoa kizazi kizima na fomu ni ya Kizungu, imefotokopiwa mpaka mistari imepotea, nami najua manake zingine nimezifotokopi mimi.

Ama mkumbuke tohara. Utafiti ulifanyika hapa hapa Kisumu, matokeo yakatoka 2007 pamoja na ya Rakai kule Uganda, yakaonyesha tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi vya ukimwi na mwanamke kwa kama asilimia 60, na kufikia 2008 serikali ikaanza mpango Nyanza. Jaluo hakuwa anatahiri, wazee walikuwa wakali, na hiyo sehemu ya mwili hakuna mtu anaitaja kwa mkutano. Lakini maneno yalipatikana! Watu walienda beach, wakaenda soko, wakaeleza kwa Dholuo na Kiswahili kinakatwa nini, kinabaki nini, kidonda kinachukua muda gani kupona, ukae wiki sita bila kulala na mwanamke, na vijana walielewa wakajitokeza. Pesa ilikuwepo na wafadhili walikuwa wanaangalia, ndiyo. Basi sasa sisi ndio tunaangalia.

Najua mtasema madaktari ni wachache na kasualti imejaa, ukianza kumweleza kila mtu hapo wengine watakufa kwa benchi. Ni kweli, na mtu aliyeletwa anavuja damu hakuna anayetaka asomewe karatasi. Lakini operesheni nyingi za wodini zimepangwa, mtu ana tarehe, amekaa wiki akingoja mashine ama ganzi ama damu, dakika kumi za sista na ukurasa uliochapishwa tayari hazitaangusha hospitali. Wengine mtasema Kiswahili hakina maneno ya udaktari. Hiyo ndiyo huwa inanichekesha. Ini, figo, pafu, wengu, kongosho, kibofu, tezi dume, mirija, mlango wa kizazi, uti wa mgongo, yapo tangu babu. Kiharusi, kifafa, pepopunda, kichocho, busha, mtoto wa jicho, yapo, na huyu wa mwisho nenda Vihiga kule Sabatia kwa hospitali ya macho uone kama kuna mzee hajui mtoto wa jicho ni nini. Neno likikosekana eleza kazi, sema "tutachukua kinyama kidogo tukipime kama kina kansa" na mtu ataelewa biopsi bila kuisikia. Na mkiwa hapo mmalizie, "kuchukua hicho kinyama hakusambazi kansa", juu hiyo hofu iko kila kijiji na watu wanatoroka wodi kwa sababu yake.

Ukurasa wenyewe si mgumu. Nimejaribu mmoja, wa kutoa kizazi, mtarekebisha nyinyi wenye ujuzi:

"Mama, una uvimbe kwenye kizazi unaokufanya utokwe na damu nyingi. Tutapasua chini ya kitovu tutoe kizazi chote pamoja na mlango wake. Vifuko vya mayai tutaviacha / tutavitoa (daktari aweke alama). Baada ya hapa hutapata hedhi na hutaweza kubeba mimba tena. Kuna hatari ya kutokwa na damu, kuambukizwa kidonda, na mara chache kibofu ama utumbo kuumia. Una haki ya kuuliza kama kuna njia nyingine, na una haki ya kukataa. Ukienda nyumbani usibebe vitu vizito kwa wiki sita. Rudi mara moja ukipata homa, damu nyingi, maji yenye harufu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, ama kushindwa kupumua. Kliniki yako ni tarehe ____ mwezi wa ____."

Hiyo ni nusu ukurasa. Mbele yake kuwe na mahali pa mgonjwa kusema kwa maneno yake mwenyewe ameelewa nini, na sista aandike hivyo hivyo alivyosema, maana hapo ndipo mtajua kama ujumbe umefika. Tengenezeni kumi kwanza, za operesheni zinazofanywa kila wiki: kuzaa kwa upasuaji, kutoa kizazi, kutoa fibroidi, kufunga mirija, kidole tumbo, hania, busha, tezi dume, kuwekwa vyuma kwa mfupa, kukata mguu. Ile ya kuzaa kwa upasuaji iwe na mstari unaosema kizazi kina kovu na mimba inayofuata azalie hospitali yenye thieta, asikae nyumbani na mkunga akingoja uchungu, kovu linaweza kupasuka. Nyingine zitafuata. Wahudumu wa afya wa jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wapewe kopi pia, kwa sababu hao ndio tunawaita usiku, na wao pia wanahangaika kusoma hizo disichaji.

Mwaka wa fedha unaanza Julai na kabla ya hapo lazima mtuite kwa vikao vya maoni ya bajeti, kwa wodi za uchaguzi. Nitakuja kwa kikao chetu na karatasi hii, na nitaomba nionyeshwe mstari wa kuchapisha fomu umeandikwa wapi na ni shilingi ngapi. Kama haupo nitaomba uandikwe tukiwa tumekaa hapo.

Ni mimi, mwenye fotokopi, Kisumu.